Kibati Kilichobaki Ubaoni

Asubuhi waliyonitafuta ndani ya zege, mimi nilikuwa nimelala kwenye lori la marumaru karibu na Taif, kilomita zaidi ya mia saba kutoka hapo, viatu nimevua, kamba iko ndani ya mfuko chini ya kichwa changu. Kule Riyadh, kwenye mdomo wa shimo, kibati kimoja kilikuwa kimebaki ubaoni. Kilikuwa cha shaba, mviringo, kimetobolewa juu. Nambari 417. Kibati changu.

Sheria ya shimo ilikuwa hiyo moja tu iliyofuatwa na wote. Anayeshuka anatundika kibati chake kwenye msumari wenye nambari yake. Akipanda, anakitoa. Hakuna anayegusa cha mwenzake. Jioni wakiona msumari wenye kibati, basi kuna mtu chini, na hakuna basi la kambini litakaloondoka mpaka aonekane. Sheria nzuri. Niliipenda tangu siku ya kwanza, kwa sababu mimi ni mchimba visima, na mchimba visima anajua kwamba kushuka si kazi. Kazi ni yule aliyebaki juu.

Kwetu Malava aliyebaki juu alikuwa mke wangu, Rispah.

Mshika kamba huwa mwanamume. Hata mimi nilianza na mwanamume, jirani yetu, mpaka siku aliponiacha futi arobaini chini akaenda dukani kununua sigara. Nilipiga kelele hadi koo likakauka. Rispah alikuwa analeta uji. Aliweka sufuria chini, akajifunga leso kiunoni, akanitoa peke yake. Tangu siku hiyo hakumwachia mtu kamba. Mke wa yule jirani akamcheka kisimani mbele ya watu: "Kumbe Nehemiah siku hizi anavutwa na mke!" Rispah akamjibu bila kugeuka, "Mumeo alimwacha chini akaenda kuvuta sigara. Mimi sivuti sigara, mama. Mimi navuta kamba tu."

Tulikuwa na lugha yetu. Nikifika chini navuta kamba mara mbili: nipo. Yeye anavuta mara mbili: nami nipo. Ndipo naanza kuchimba. Jua likipanda alikuwa anakaa kwenye ukingo na kipande cha kioo cha kabati la mama yake, anakiinamisha mpaka mwanga unashuka hadi kwenye jembe langu. Nikisogea kushoto, mwanga unasogea kushoto. Sikuwahi kumwambia sogeza. Miaka kumi na moja, visima sitini na kitu, sikuwahi kumwambia.

Halafu mashine za kutoboa ardhi zikafika kaunti yetu, visima vya jembe vikaisha, na sisi tukaenda Nairobi kwa wakala wa kazi za ng'ambo.

Huyo wakala aliitwa Priscah, mama mnene mwenye sauti ya kanisani. Redioni serikali ilikuwa inasema imezuia wanawake kwenda kazi za nyumbani huko. Priscah akacheka. "Njia haifungwi, baba. Inabadilishwa jina." Akamwandika Rispah mfagiaji wa ofisi. Mimi akaniandika mjengo. Tukamuuliza, je, tutakuwa pamoja? Akainuka, akaenda kwenye ramani ukutani, akaweka kidole gumba. "Hapa Riyadh, hapa Jeddah. Kidole kimoja. Kila Ijumaa mtakuwa mnakunywa chai pamoja." Mimi niliishia darasa la nne. Kidole kwangu kilikuwa kidole. Nani angeniambia kwamba kidole gumba cha Priscah kilikuwa karibu kilomita elfu moja, jangwa tupu? Tulipoachana kwenye uwanja wa ndege, Rispah aliniambia, "Baba Ivy, huko atakushikia nani?" Nikamwambia huko wana mashine.

Mwaka na miezi mitatu hatukuonana hata Ijumaa moja.

*

Walikuwa wanajenga kituo cha treni ya chini ya ardhi, katika upande wa mji wa kale. Kituo chetu kilikuwa na nambari tu, hakikuwa na jina, kama sisi.

Nilidhani najua kuchimba. Pale nilijua sijui. Sisi huchimba kwanza, ndipo tunajenga. Wao walianza na kuta kabla ya shimo. Walikata mitaro myembamba kuzunguka kiwanja, wakaijaza tope zito ili isibomoke, wakateremsha ndani yake vyuma vilivyosukwa kama kapu la kuku, wakamimina zege kutoka chini, na tope likasukumwa juu likatoka. Zege lilipokomaa, tayari kulikuwa na kuta nne zilizozikwa. Ndipo tukaanza kutoa udongo katikati, tukishuka ghorofa baada ya ghorofa badala ya kupanda. Ukiwa chini kabisa, mbingu ilikuwa mraba mdogo mweupe.

Nje, kwenye uzio wa mabati, walibandika picha ya kituo kitakavyokuwa. Nahashon, kijana wa Nakuru aliyelala kitanda cha juu yangu na aliyemaliza sekondari, alinieleza. Kuta za ndani zitapakwa rangi ya udongo na kutobolewa matundu ya pembetatu, kama nyumba za zamani za mji ule. Juu pataachwa tundu kubwa la duara. Kuzunguka tundu, mabamba ya chuma yaliyong'arishwa kama kioo, yameinamishwa, ili jua liyagonge lishuke ghorofa tatu mpaka kwenye reli.

Nilicheka mpaka nikakohoa vumbi. "Nahashon, hiyo ni kazi ya mke wangu."

"Sasa mzee, mke wako ni injinia?"

"Huyo injinia wao ndiye ameiba."

Mwezi wa tatu tukagonga kisima. Cha kale, kimejengwa kwa mawe, kimekauka zamani sana, na juu ya mdomo wake jiwe moja refu lenye mifereji saba. Nilitia kidole kwenye mfereji mmoja. Kilizama mpaka kiungo cha pili. Ilikuwa ni kamba. Kamba na mikono, mpaka jiwe likalika. Mimi pekee nilijua ni nini kabla ya wataalamu kuja na brashi zao. Walipima siku tatu, wakapiga picha, wakalitia jiwe nambari wakaliondoa. Msimamizi akapiga makofi: "Halas! Yalla!" Yaani imekwisha, haya kazini. Tukakata kisima kile vipande tukakipakia lorini pamoja na udongo mwingine.

Jioni nilimweleza Rispah kwa simu. Akauliza, "Mifereji mingapi?" Nikamwambia saba. Akasema, "Basi kilikuwa na washika kamba saba."

Yeye hakuwa na hadithi nyingi za kunipa. Nyumba ya ghorofa tatu, watoto sita, chumba chake kiko juu kabisa pembeni ya tangi la maji. Madam alikuwa anakagua simu yake usiku. Mwezi wa nane maumivu ya tumbo yalimwanza. Madam akampa vidonge vya kichwa. Kisha, Jumapili moja, akanitumia sauti. Nimeihifadhi. Siisikilizi, lakini nimeihifadhi.

"Baba Ivy. Watu wa nyumba wameenda Taif kwenye baridi, watarudi Ijumaa. Wamefunga mlango wa chini na wa ngazi. Kuna mchele. Tumbo limevimba upande mmoja. Usije ukafanya wazimu, watakufukuza. Mimi nipo."

Nilikwenda kwa msimamizi. Nikamwonyesha tumbo langu, nikafanya kwa mkono kama mlango unaofungwa. Alikuwa anakula. "Mafi ruhusa," akasema, yaani hakuna. Nikamwambia mke wangu. "Mafi mke. Ikama iko ofisini, wewe uko shimoni." Ikama ni kibali cha kuishi kule, nacho walitushikia wao. Akarudi kwenye sahani yake. Sheria ya nchi ile ilikataza watu kufanya kazi juani saa za mchana wakati wa joto. Yeye huyo huyo ndiye aliyetuambia kwamba chini hakuna jua, kwa hiyo sheria ya jua haituhusu. Mtu wa namna hiyo unamwombaje?

Basi nikafanya wazimu.

Hillary, dereva Mkenya, alikuwa anapakia marumaru kwenye maghala ya Al-Sulay na kuyapeleka Jeddah kila Jumatano. Nahashon angetundika kibati changu pamoja na chake Alhamisi asubuhi, jioni avitoe vyote viwili. Ijumaa hakuna kazi. Jumamosi ningekuwa nimerudi. "Protus haangalii nyuso," Nahashon alisema, "anaangalia misumari." Protus alikuwa karani wa ubao, mtu wa Bungoma, mcha Mungu, aliyetusalimia kila asubuhi kwa lugha ya nyumbani.

Kutoka stoo ya mjengo nilichukua kamba ya mita ishirini, ile ya rangi ya chungwa inayobeba tani nzima. Mtu akiwa juu na mlango umefungwa, mimi najua njia moja tu. Simu niliizima ili msimamizi asinipate. Rispah sikumwambia. Angenikataza, na madam akirudi angeona ujumbe. Hayo mambo mawili, simu na kunyamaza, nimeyageuza kichwani kama mtu anayegeuza jiwe akitafuta upande usiokata.

"Mzee," Hillary aliniambia tukitoka mjini, "ukishikwa, mimi sikujui. Wewe ni mzigo uliopanda wenyewe." Kisha akanigawia nusu ya mkate wake.

*

Jeddah tulifika saa saba mchana. Hillary aliniacha Kandara, karibu na kituo cha zamani cha mabasi. Humo ndimo alimoishi Zeinab, mama wa Majengo, Mombasa, aliyepika chapati za kuuza kwenye chumba kilicho juu ya duka la mabegi, na ambaye wasichana wetu wote walikuwa na namba yake. Rispah aliwahi kuniambia: ukifika Jeddah na huna mtu, una Zeinab.

Nikagonga, akafungua. Akanitazama usoni, akatazama helmeti iliyoning'inia kwenye mfuko wangu.

"Wewe ni nani?"

"Nehemiah. Mume wa Rispah."

Akarudi nyuma mpaka akagonga jiko. "Subhanallah. Shemeji, wewe si umekufa?"

Nilidhani mama huyu ana wazimu. Akanishika mkono, akaubinya, kana kwamba anapima unga. Ndipo akaanza kulia na kusema kwa pamoja. Rispah alimpigia saa tano. Alikuwa amepigiwa simu kutoka Riyadh, na Mkenya, kwa lugha yao. Kwamba jukwaa la mbao la ghorofa ya chini limeanguka na zege bichi limemwagika juu ya watu, wote wametolewa, wawili wamevunjika miguu, amebaki Nehemiah, kibati chake kiko ubaoni, wamechimba, hawamwoni, zege linakauka.

"Nikamwambia, mwanangu, keti, ngoja, natafuta mtu mwenye gari. Hakunisikia. Akasema, hawajui kumwita. Akasema, waambie wavute mara mbili, yeye atajibu. Mara mbili ya nini, shemeji? Mimi sikumwelewa. Akasema, mimi ndiye mshika kamba wake, na hapa nimefungiwa."

Niliwasha simu. Nikampigia. Iliita. Iliita mpaka ikakata, nikapiga tena, ikaita. Zeinab alielekeza teksi; ilichukua dakika ishirini na kitu, na njia nzima nilikuwa nasikia ikiita.

Nyumba ilikuwa ya rangi ya maziwa. Kwenye uchochoro wa pembeni kulikuwa na gari la polisi na watu watano sita wamesimama wakitazama juu. Rispah hakuwepo. Walikuwa wamemchukua, na alikwisha kukata roho kabla ya kufika hospitali. Hilo nililijua baadaye. Mimi nilitazama walikotazama.

Kutoka dirisha la juu vilining'inia vitambaa. Shuka mbili, halafu pazia la kijani. Fundo la kwanza nililijua. Fundo la pili nililijua. Ni fundo letu la kisima, lenye mizunguko miwili na mkia uliorudishwa ndani, nililomfundisha mwenyewe nyuma ya nyumba kabla hatujazaa. Halikuteleza hata unywele. Kilichotoka ni pazia. Lilikuwa limechanika katikati, mahali pasipo na fundo, kitambaa kilichooza kwa jua la miaka mingi dirishani.

Mfuko wangu ulikuwa begani. Kamba ya tani moja ilikuwa ndani.

Polisi mmoja aliniuliza mimi ni nani. Zeinab alinivuta shati kutoka nyuma. Alijua kwamba nikisema, nimekwisha: sina ikama mkononi, sina ruhusa, nimetoroka kazini. Ningeweza kusema mimi ni mpita njia.

"Mimi ni mumewe," nikasema.

Wakanipeleka kituoni. Wakapiga simu Riyadh kuthibitisha. Nilimwona yule askari akisikiliza, akinitazama, akisikiliza tena. Kule wakamwambia kwamba mtu wa nambari 417 yuko chini ya zege, na kazi ya kumtoa inaendelea. Nahashon alikuja kufungua mdomo saa kumi jioni. Wakati jukwaa lilipoanguka alikimbia na wenzake, akakitoa kibati chake, na changu hakuweza kukigusa kwa sababu Protus alikuwa amesimama mbele ya ubao akihesabu. Kisha aliogopa. Kwa muda wa saa nane watu thelathini walivunja zege kwa nyundo wakimtafuta mtu ambaye yeye alijua hayupo. Mikono yao ilitoka damu kwa ajili yangu. Hilo nalo ninalo.

*

Waliniweka ndani wiki tatu, wakanirudisha nyumbani. Rispah alifuata baada ya siku arobaini na nane, ndani ya sanduku lenye karatasi. Karatasi ilisema alianguka akijaribu kutoroka. Kutoroka! Madam alirudi kutoka Taif akaulizwa maswali, akajibu kwamba mlango ulifungwa kwa usalama wa msichana. Msichana wa miaka thelathini na sita. Mtu mmoja wa serikali yetu, mwenye tai, aliniambia nikubali kwamba marehemu alifanya uamuzi wake mwenyewe. Priscah alihamisha ofisi. Msimamizi, nasikia, alipandishwa cheo.

Mimi nimewalaumu wote hao kwa majina, kanisani, barazani kwa chifu, mbele ya watu, mpaka watu wakaanza kubadilisha njia wakiniona. Na siwasamehe. Aliye na ufunguo alikuwa Taif, mji ule ule niliolala mimi na kamba chini ya kichwa. Angekuwa mtu angeuacha mlangoni. Aliye na muhuri wa ruhusa angenipa siku mbili. Ni wao. Nitasema ni wao mpaka nife.

Lakini kibati kilikuwa changu.

Mwaka uliofuata Protus alikuja Malava. Hakuja peke yake. Alikuja na Nahashon. Kwetu habari ya kifo haipelekwi na mgeni, na haipelekwi na mtu mmoja. Huenda wawili: mmoja wa kusema, mmoja wa kumshika anayeambiwa. Waliposimama pale uani, nilielewa kwamba wamekuja kufanya upya kile kilichoharibika.

"Baba Ivy," Protus alisema, "ofisi ilitaka kumtumia ujumbe kwa Kiarabu. Nikaona ni dhambi, mwenzetu asikie kwa mgeni. Nikampigia mimi."

"Ulimwambia vizuri?"

"Nilimwambia vizuri."

"Na wa kumshika alikuwa nani?"

Protus alikuwa na kofia mikononi, anaizungusha. Nahashon alisogea, akanyoosha mkono kunishika bega, kama inavyotakiwa, na mimi nikausukuma. Sikuwapa kiti. Walisimama mpaka jua likawazidi, wakaenda. Nahashon aliacha kitu juu ya jiwe la kufulia. Kilikuwa cha shaba, mviringo.

*

Kituo kimefunguliwa, nasikia ni wakati wa Krismasi ya juzi. Binti yetu Ivy, ambaye sasa ni mwalimu, alinionyesha kwenye simu yake. Watu wanateremka kwenye ngazi zinazojiendesha, wamevaa vizuri, hakuna anayetazama kuta. Pembetatu zipo. Mabamba yapo, na mwanga unashuka kweli, unafika mpaka chini, unatulia pale sakafuni palepale kwa kila mtu. Nilimwambia Ivy asimamishe picha mahali fulani. Ndani ya sanduku la kioo kulikuwa na jiwe refu. Kando yake maandishi. Akanisomea ya Kiingereza: jiwe la mdomo wa kisima, limepatikana wakati wa ujenzi.

"Nani alilipata, hawajaandika?" nikamuuliza.

"Hapana, baba."

Nikahesabu mifereji. Ilikuwa saba.

Mimi nimerudi kuchimba. Bado kuna watu wasioweza kuilipa mashine. Ivy ananigombeza kwamba nimezeeka, kwamba nitafute angalau mtu wa kukaa juu. Namwambia nitatafuta. Asubuhi napiga nguzo ya mkaratusi karibu na mdomo wa shimo, nafunga kamba kwa fundo lile, na kwenye nguzo natundika kibati, mtu akipita aone kwamba kuna mtu chini. Kisha nateremka mwenyewe, polepole, mguu huku, mguu kule.

Nikifika, navuta mara mbili.

Nangoja kidogo. Halafu naanza kuchimba.